Anza na Karatasi: Utangulizi wa Kubuni na Kupiga Picha za Kava la Albamu

Huenda umefika hapa kwa sababu mwalimu wako wa mawasiliano amekupa kazi: tafuta wanamuziki, wabunie kava la albamu, piga picha zake mwenyewe, kisha ulete kitu kilichokamilika mezani. Nimeisimamia kazi hii kwa muda mrefu na bado ndiyo niipendayo kuliko zote. Inamlazimu mwanafunzi asikilize, atazame, aandike, apime na akate kwa mkasi, na matokeo yake yote yanaenea kiganjani.

Wanafunzi wengi huanza kwa kuazima kamera. Nakuomba usifanye hivyo. Kamera itakuja, tena tutaizungumzia kwa kirefu, lakini mlango wa kuingilia fani hii ni karatasi tupu, rula na masikio yako.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Kifungashio cha albamu ni kila kinachoizunguka santuri, kanda au sidii: upande wa mbele, upande wa nyuma, kurasa za ndani, chapa iliyo juu ya sidii yenyewe, na mgongo, yaani ule ukingo mwembamba unaoonekana vifungashio vinapopangwa rafuni. Mitaani tukisema "kava" mara nyingi tunafikiria upande wa mbele peke yake. Ndiyo maana kazi nyingi za wanafunzi huja na sura moja iliyopendeza, na pande nyingine zilizojazwa harakaharaka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Mwalimu huona mara moja.

Najua swali lililo mdomoni mwako: siku hizi nani ananunua sidii? Muziki uko Boomplay, YouTube na Spotify, na kava limebaki kimraba kidogo kwenye skrini ya simu. Ni kweli. Lakini hebu kitazame hicho kimraba. Simu haina kitu cha mviringo ndani yake. Kwa nini basi picha ya albamu iwe mraba? Ni kwa sababu santuri ilikuwa duara, na bahasha ya kulihifadhi duara bila kupoteza karatasi ni mraba. Kila picha ya wimbo unayoigusa kwa kidole imerithi umbo la bahasha ya zamani. Ukiielewa bahasha, utakielewa na kimraba.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu za wimbo. Kwa kawaida ziliuzwa katika bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, ili mnunuzi asome kibandiko bila kuitoa santuri. Muziki mrefu, kwa mfano simfoni, ulihitaji santuri kadhaa, nazo zilitiwa kwenye kitabu kinene chenye mifuko, jalada lake rangi moja iliyopooza. Mambo yalibadilika huko Marekani mnamo 1940, pale kijana Alex Steinweiss, mkurugenzi wa sanaa wa Columbia Records, alipoishawishi kampuni yake imwache aweke picha kwenye majalada hayo. Mauzo yalipanda, na washindani wakamfuata. Mwaka 1948 kampuni hiyohiyo ikatoa santuri ya muda mrefu, ile LP ya kipenyo cha sentimita 30, na bahasha yake ikawapa wasanifu uwanja wa zaidi ya sentimita 31 kila upande.

Tangu hapo uwanja umekuwa ukipungua. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilikuja na kadi ambayo upande wake wa mbele una upana wa sentimita sita na nusu hivi. Sidii ilifika sokoni mwaka 1982, ikiwa na kipenyo cha sentimita 12. Baada yake ikaja simu.

Niruhusu nichepuke kidogo. Makava ya kanda na VCD za Injili na taarabu yaliyojaa Kariakoo miaka ya 2000 huchekwa sana na wanafunzi wangu: mwimbaji amekatwa kutoka kwenye picha yake, akabandikwa mbele ya maporomoko ya maji, na kingo za nywele zake zimenyooka kama zilizopigwa rula. Ukataji ni mbaya, sikatai. Lakini msanifu yule alimjua mteja wake. Mteja amesimama nje ya kaunta, kanda zimebandikwa ukutani kwa ndani, watu wanasukumana, na yeye anatafuta uso anaoufahamu. Kwa hiyo uso ukawa mkubwa, jina likawa kubwa, rangi zikapiga kelele. Kabla hujalicheka kava, uliza lilikuwa linatazamwa na nani, akiwa umbali gani.

Sasa turudi kwenye kazi. Tuseme umepata kikundi cha vijana wanaopiga taarabu ya asili: fidla mbili, udi, kanuni, akodioni, dumbaki na mwimbaji mmoja. Tuseme albamu yao ya kubuni inaitwa Usiku wa Kaskazi. Hatua ya kwanza ni kusikiliza nyimbo zote bila kufanya jambo lingine lolote, kisha kuandika. Wengi huandika maneno kama "huzuni", "upendo", "utamaduni". Hayo hayapigiki picha. Andika vitu. Je, wimbo huu uko ndani ya nyumba au nje? Ni saa ngapi? Upepo unatokea wapi? Mwimbaji yuko peke yake au watu wanamsikiliza? Kuna taa ya umeme au ya chemli? Ukimaliza nyimbo sita kwa namna hii utakuwa na orodha ya vitu, mahali na saa, na hapo albamu imeanza kuonekana.

Halafu chukua karatasi ya A3. Tutatengeneza kielelezo, yaani kifungashio cha mfano kisicho na picha, cha kukunjwa kwa mkono ili kukuonyesha kitu kitakavyofunguka. Kifungashio cha kadi chenye vipande vitatu kinatosha kwa mwanafunzi. Kila kipande ni mraba wa sentimita 12.5, na katikati ya vipande unaacha migongo miwili ya nusu sentimita kila mmoja. Jumla ni sentimita 38.5, A3 ina urefu wa sentimita 42, kwa hiyo unabakiwa na nafasi. Chora mistari, kata, kunja. Kuna jambo dogo hapa ambalo rula pekee haitakuambia: kile kipande kinachokunjwa kuingia ndani lazima kiwe chembamba kuliko wenzake kwa milimita moja au mbili, la sivyo kitagota kwenye mkunjo na kava halitafunga vizuri. Utalihisi kwa vidole papo hapo. Kwenye kompyuta usingelijua mpaka umekwisha lipa fedha za uchapaji.

Sasa kifungue taratibu huku ukiandika namba kwa penseli kwenye kila upande, kwa mpangilio unaouona. Kwanza mbele. Ukifungua, kushoto unaona upande wa ndani wa lile kava la mbele, na kulia unaona upande wa nje wa kile kipande kilichokunjwa. Ukikifungua nacho, mbele yako kuna vipande vitatu vilivyolala kama ukurasa mmoja mrefu, sidii ikiwa katikati. Ukigeuza, unakutana na upande wa nyuma. Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Ukilaza karatasi yako wazi, upande wa nje ukitazama juu, kava la mbele liko kulia kabisa, la nyuma liko katikati, na kile kipande cha kukunja kiko kushoto kabisa. Hivyo ndivyo faili lako litakavyopangwa kwenye kompyuta, ingawa msikilizaji hatauona mpangilio huo hata siku moja. Yeye ataona kwa namba ulizoandika. Bandika kielelezo hicho ukutani karibu na kompyuta, kitakuokoa.

Zile namba ndizo kiini cha fani hii, na ndilo jambo ninalotamani ulichukue hata ukisahau mengine. Kifungashio kinasomwa kwa kufunguliwa. Kuna kitu cha kwanza kuonekana, cha pili na cha tatu, na wewe ndiye unayeamua nini kifichwe mpaka lini. Kwa Usiku wa Kaskazi, mbele pengine kuna mlango uliofungwa na mwanga unaopenya chini yake. Ukifungua, kuna mikono ya mpiga kanuni. Ukifungua tena, kikundi kizima kimekaa barazani kwa upana wa vipande vyote vitatu, na mtu aliye katikati anafichwa na sidii mpaka sidii itolewe. Nani akae pale katikati? Hilo ni swali la usanifu, na hungeweza kuliuliza kama ungeanza na kamera.

Kuhusu kupanga kila upande mmoja mmoja, mwalimu bora unaye nyumbani. Itazame kanga. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi yaliyokaa mahali pake pa siku zote. Hakuna anayehangaika kuitafuta sentensi ya kanga. Kava nalo linataka ukingo wake ujulikane, eneo lake kuu lipumue, na maneno yake yakae mahali yanapotarajiwa kwenye pande zote. Ukiweka jina la kikundi juu kushoto upande wa mbele, kisha katikati ndani, kisha chini kulia nyuma, kila upande utaonekana umetoka kwa mtu tofauti.

Basi, sasa chukua kamera.

Ndani ya kamera, na ndani ya simu yako vilevile, mna kipima mwanga. Kipimo hiki hakijui kinachokitazama. Kinachukulia kwamba weusi na weupe wote wa picha, ukichanganywa, unatoa kijivu cha wastani, kisha kinarekebisha picha ifanane na dhana hiyo. Mweke mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso wa mzee unageuka giza lisilo na macho. Mweke mwimbaji mwenye buibui jeusi mbele ya mlango wa mbao iliyokolea: kamera inazidisha mwanga na ngozi yake inapauka. Wanafunzi hudhani kamera yao ni mbovu. Si mbovu, inahitaji kuelekezwa. Kwenye simu nyingi, gusa uso kwenye skrini, halafu sogeza kialama cha jua juu au chini. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Hiyo ni fidia ya mwanga, njia ya kuiambia kamera iongeze au ipunguze kuliko ilivyopendekeza yenyewe. Kwa kanzu na chokaa, ongeza. Kwa buibui na mlango, punguza. Pima kwa ngozi ya uso siku zote, nguo zitajitafutia.

Jua la saa sita mchana huku kwetu linatoka utosini na kuyatia macho kivuli. Usipigane nalo. Mkalishe mtu wako hatua moja ndani ya kizingiti, akitazama nje, na mwanga wa uwanjani utamfikia ukiwa laini. Kama upande mmoja wa uso bado ni mzito, mwombe mwenzako ashike shuka jeupe upande huo. Shuka hurudisha mwanga. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei hiyo.

Kumbuka pia kwamba picha yako itakuwa mraba. Picha ya kawaida ya simu ina uwiano wa nne kwa tatu, kwa hiyo ukiikata kuwa mraba unapoteza robo yake. Kamera nyingi zina uwiano wa tatu kwa mbili, na huko unapoteza theluthi. Rudi nyuma kidogo kuliko unavyotaka, na acha kwa makusudi sehemu tulivu, ukuta au anga, ambapo maandishi yatakaa.

Ukiogopa kwamba huna vifaa, soma habari za lebo ya jazi ya Blue Note ya New York. Picha nyingi alizipiga Francis Wolff, mmoja wa viongozi wa lebo hiyo, wanamuziki wakiwa studioni kazini. Msanifu Reid Miles, aliyebuni mamia ya makava yao kuanzia katikati ya miaka ya 1950, mara nyingi alikuwa na bajeti ya rangi mbili tu. Alichofanya ni kukata: aliikata picha mpaka ikabaki na kilicho muhimu, akaipaka rangi moja, akaziachia herufi nafasi kubwa. Kwenye Blue Train ya John Coltrane, picha nzima imezama katika buluu, naye Coltrane ameinamisha uso akiwaza. Picha moja na wino kidogo, na bado kava linatambulika popote.

Mfano wa pili ni wa maandalizi. Kava la Abbey Road la The Beatles lilipigwa na Iain Macmillan tarehe 8 Agosti 1969. Alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akasimamisha magari, na kwa muda wa kama dakika kumi akapiga picha sita. Ya tano ndiyo iliyochaguliwa. Wengi husimulia zile dakika kumi kana kwamba ni bahati. Lakini Paul McCartney alikwisha chora wazo hilo kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Tazama pia kwamba upande wa mbele hauna jina la kikundi wala la albamu. Wewe usithubutu, wao walikuwa The Beatles.

Herufi, basi. Fonti ni familia ya herufi zenye mchoro mmoja. Chagua moja, au mbili zisizofanana hata kidogo, na ujizuie hapo. Kabla hujaipenda, andika kwa fonti hiyo neno lenye ng', kama ng'ambo, uone kama kialama chake kipo na kimekaa vizuri. Fonti nyingi za bure hukisahau, na kava la Kiswahili lenye kialama kilichopotea linaaibisha. Kisha punguza kava lako mpaka litoshane na ukucha wa kidole gumba. Jina likiwa bado linasomeka, au angalau picha ikiwa bado inatambulika, litaishi kwenye simu.

Uchapaji una sheria zake, lakini zinazokuhusu sasa ni chache. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, ambazo wachapaji huzitaja kwa herufi CMYK. Kijani kinachowaka kwenye skrini kitapoa kwenye karatasi, kwa hiyo chapisha ukurasa mmoja wa majaribio mapema. Pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha. Mchapaji anataka nukta 300 kwa kila inchi, na kipande chako cha sentimita 12.5 ni kama inchi 4.9, hivyo unahitaji karibu pikseli 1,500 kila upande. Kava la santuri kubwa lingetaka zaidi ya 3,600. Kwa huduma za mtandaoni, tengeneza la 3,000 kwa 3,000. Tafadhali usipokee picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hupunguzwa. Mwambie mwenzako aitume kama hati. Tena, panua picha yako milimita tatu nje ya kila ukingo. Kisu cha mchapaji huyumba kidogo, na bila ziada hiyo ya kukatia utaona ufito mweupe pembeni. Kwa sababu hiyohiyo, weka maneno mbali na ukingo kwa ndani.

Upande wa nyuma ndio wenye majukumu. Unabeba nyimbo kwa mpangilio na muda wake, majina ya wapigaji na vyombo vyao, mtunzi wa kila wimbo, mpiga picha, mwaka, na alama ya hakimiliki. Tanzania ilipoanza mwaka 2013 kutaka stempu za kodi zibandikwe kwenye kazi za muziki na filamu, wasanifu walipata jambo jipya la kufikiria: stempu isiyoachiwa nafasi hukaa popote, hata usoni pa mwimbaji. Picha za kuokota mtandaoni ziache, hata kama ni kazi ya darasani tu. Na kila unayempiga picha, mzee wa barazani au mpita njia, mwombe ridhaa kwa maandishi. Kwa mtoto, mwombe mzazi.

Mwisho kuna picha ambayo wengi huisahau: picha ya kifungashio chenyewe kikiwa kimekamilika, kwa ajili ya ripoti na jalada lako la kazi. Kilaze karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga ukitokea ubavuni ili mikunjo na unene wa kadi vionekane. Kamera iwe sambamba kabisa na kava, kwani ikiinama kidogo mraba wako unakuwa pembe nne zilizopinda. Kama kuna plastiki inayorudisha picha ya dari au ya uso wako, toboa tundu kwenye karatasi nyeusi, pitisha lenzi hapo, na mng'ao utakwisha. Piga kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu wazi, na kikiwa wazi chote, kwa kufuata namba zilezile za penseli, na katika moja ya picha hizo acha mkono wa mtu uonekane, ili mtahini ambaye hakukishika ajue ukubwa wake.